Mtu wa mwisho kwenye foleni ya zawadi

Mama mdogo aliifungua albamu ya harusi ya binti yake juu ya meza ya sebuleni kwake, Morogoro, akawa anafunua kurasa taratibu huku akinitajia kila uso. Huyu ni wifi yake. Hawa walitoka Kilosa usiku. Huyu mzee usije ukamsahau, ndiye aliyemlipia baba yako ada. Siku ya harusi ile mimi nilikuwa kazini Dar kwenye harusi ya watu waliokuwa wameshalipa, kwa hiyo picha alipiga mtu mwingine, na nilikuwa naziona kwa mara ya kwanza.

Kurasa za mwanzo ni nzuri kwelikweli. Kanisani mwanga wa madirisha umetulia kwenye nyuso. Ukumbini maharusi wanaingia, shampeni inafunguliwa, keki inakatwa, wazazi wanalishwa, na kila kitu kinaonekana. Aliyepiga anaijua kazi. Anajua pa kusimama, anajua kusubiri.

Tukafika kwenye zawadi.

Wazazi wa pande zote mbili wanang'aa. Baba wakubwa na mashangazi wanang'aa. Kurasa mbili mbele, picha moja imegeuka rangi ya chungwa, nyuso zimezama, gauni la bibi harusi limekuwa kijivu. Inayofuata iko sawa. Halafu giza tena. Halafu giza mbili mfululizo, moja sawa, giza tatu. Tulipofika kwa majirani wa Kihonda na wanajumuiya, wale waliolala kwa mama mdogo siku tatu wakimenya vitunguu na kuchambua mchele, hapakuwa na picha hata moja inayomwonyesha mtu vizuri.

"Hapa taa za ukumbi zilikuwa mbaya," akasema mama mdogo, akafunua ukurasa huo haraka kuliko mingine.

Taa za ukumbi zilikuwa zilezile.

Sikumwambia. Nilirudi Dar, nikaendelea na kazi, na kila Jumamosi MC akitangaza zawadi nilikuwa naikumbuka ile albamu.

## Kulisoma giza

Giza la kwenye picha lina chanzo chake, na mtu aliyezoea kazi hii anaweza kukisoma. Kwanza nilijaribu kumtetea mwenzangu yule. Nikajiambia huenda ni TTL. Flashi ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, na hiyo ndiyo TTL, gauni jeupe likijaa kwenye fremu huidanganya. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gauni linatoka kijivu, na nyuso zetu, ambazo ndizo zilizohitaji mwanga kuliko gauni, zinapotea. Kila mpiga picha wa harusi Tanzania amepambana na hilo, na dawa yake ni kuiongezea flashi hatua moja au moja na nusu pale gauni linapotawala.

Lakini TTL iliyodanganywa inaacha alama. Flashi imewaka, hata kama kidogo, kwa hiyo kwenye pazia la mapambo nyuma ya watu kutakuwa na kivuli chenye ukingo, na rangi itabaki ya flashi. Flashi isipowaka kabisa, kivuli kile hakipo. Rangi inafuata taa za ukumbi, chungwa au zambarau kutegemea mpambaji, na mikono ya watu wanaopeana bahasha inaacha ukungu kwa sababu shata, yaani mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ilikuwa taratibu. Ikiwaka nusunusu, unapata kivuli hafifu na mchanganyiko wa rangi usioeleweka: upande mmoja wa shavu mweupe, mwingine wa chungwa.

Nilimwomba mama mdogo anirudishie kurasa zile, nikazitazama kwa karibu. Kwenye zile za giza hakuna kivuli. Na mpangilio wake ulikuwa na maana: giza moja kati ya nne, halafu moja kati ya mbili, halafu tatu kwa mkupuo. Hiyo ni flashi inayochelewa kujaa, na inazidi kuchelewa.

Nilikuwa naangalia betri zikifa, dakika kwa dakika, na kila dakika ilikuwa na jina la mtu ninayemjua.

## Kwa nini pale, na si kwingine

Flashi haitoi mwanga moja kwa moja kutoka kwenye betri. Betri zinajaza kapasita, kapasita ndiyo inayotema yote kwa mara moja kwenye taa. Fikiria ndoo chini ya bomba: bomba likiwa na presha, ndoo inajaa kwa sekunde mbili, presha ikishuka, unasubiri sekunde nane, na ukiichota kabla haijajaa unapata nusu ndoo au hupati kitu. Kale kataa ka "tayari" nyuma ya flashi hakasemi ukweli wote, maana kwenye flashi nyingi huwaka kapasita ikiwa bado haijajaa kabisa.

Sasa weka hilo kwenye ratiba ya harusi zetu.

Maharusi wakiingia, kila mtu anawasubiri. Unapiga kumi, unatembea, unapiga tano. Keki ina mapumziko yake. Hata muziki ukifunguliwa unachagua wa kumpiga. Katika matukio yote hayo flashi inapata nafasi ya kuvuta pumzi. Zawadi ni jambo jingine. MC ana saa ya ukumbi kichwani, muziki wa kwaito unachezwa bila kukatika, na foleni inasogea: wazazi, baba wakubwa, upande wa mama, upande wa baba, wajomba, shule aliyosoma, kazini kwake, kazini kwa mama yake, kwaya, jumuiya, majirani, marafiki. Kila kundi linataka picha. Kila kundi lina mtu aliyefumba macho, kwa hiyo unapiga mbili au tatu. Kundi la watu kumi na tano linahitaji kurudi nyuma, na ukirudi nyuma unahitaji mwanga mwingi zaidi. Yote haya yanatokea saa nne au saa tano usiku, baada ya send-off ya jana na misa ya leo, betri zikiwa zimefanya kazi tangu saloni.

Yaani sehemu ya harusi inayokula umeme kuliko zote inakuja wakati umeme umebaki kidogo kuliko wakati wote. Na ndani ya sehemu hiyo, utaratibu wa heshima unataka wakubwa watangulie. Wanaobaki mwisho ni majirani, wanajumuiya, dada wa kazi, kijana aliyebeba viti.

Hakuna aliyekaa akaamua kwamba hao wapigwe gizani. Ndicho kilichonisumbua. Imetokea yenyewe, kwa hesabu ya betri tu, na inatokea kila wiki kwenye kumbi nyingi za nchi hii.

## Nguvu kamili ni tabia

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kununua betri nyingi zaidi. Nililiamini kwa muda mrefu. Kilichonibadilisha mawazo ni kukaa chini na kalamu.

Betri nne za AA za kuchaji, zile za kawaida zenye volti 1.2 na uwezo wa karibu mAh 2000, zinabeba jumla ya nishati ya takriban Wh 9.6. Flashi ya kawaida ya juu ya kamera itakupa kwa seti hiyo miwako kama 200 ya nguvu kamili, ukiwa na bahati. Foleni ya zawadi ya ukoo mkubwa inaimaliza kabla wajomba hawajafika.

Lakini nani alisema tupige kwa nguvu kamili? Tumeizoea kwa sababu ya kumbi zetu. Tulifundishwa kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi laini kutoka kwenye dari. Fundisho ni zuri, ila limetoka kwa watu wenye dari nyeupe na fupi. Ukumbi wa Mbezi au wa Tegeta una dari ya mita sita, na mpambaji ameifunika kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu. Unaurusha mwanga kule, kitambaa kinaumeza, kidogo kinachorudi kina rangi ya kitambaa, na flashi imetumia kila kilichomo. Kwenye bustani na ufukweni hakuna dari kabisa, na bado utawaona wapiga picha wameelekeza flashi mbinguni.

Hesabu yenyewe ni hii. ISO ni wepesi wa kamera kuuona mwanga. Ukitoka ISO 400 kwenda ISO 1600, flashi inahitaji robo tu ya nguvu iliyokuwa inahitaji. Ukifungua lenzi kutoka f/5.6 hadi f/4, nusu ya hiyo. Jumla ni moja ya nane. Seti ileile ya betri nne iliyokuwa inakupa miwako 200 sasa inaweza kukupa zaidi ya elfu moja, na kila mmoja unajaa karibu papo hapo kwa sababu umechota kidogo tu. Kamera za leo zinaibeba ISO 1600 bila shida. Kwenye ukurasa wa albamu hutaona tofauti.

Kuna gharama, na sitaki kuificha. Ukiongeza ISO unakaribisha pia taa za ukumbi ziingie kwenye picha. Zile za chungwa zinavumilika. Unaweza kuvalisha flashi kipande cha plastiki ya chungwa hafifu ili rangi zikaribiane, ingawa nacho kinakula mwanga kidogo. Zile za zambarau na bluu zinazomulika kutoka chini ni adui wa ngozi nyeusi. Zinapaka chini ya kidevu na pembeni ya pua rangi ambayo hakuna programu inayoitoa bila kumfanya mtu aonekane mgonjwa. Dawa yake ni kupandisha shata hadi 1/160 au 1/200, ambako flashi bado inaendana nayo, ili taa zile zipungue na flashi ibaki palepale. Kwenye baadhi ya kumbi nimebaki ISO 800 kwa sababu hiyo hiyo. Nalipia kwa betri, ila najua ninalipia nini.

## Mahali pasipobadilika

Siku moja ukumbini, nikiwa nimesimama kando na kumwachia msaidizi wangu akamilishe picha za chakula, niliangalia jukwaa la maharusi likiwa tupu na nikaona jambo ambalo nilikuwa nalipita kila wiki.

Zawadi ndiyo sehemu pekee ya harusi ambayo watu wote wanasimama mahali pamoja.

Maharusi hawasogei. Kundi linapanda, linasimama kulia na kushoto kwao, linapigwa, linashuka. Umbali kati ya taa na nyuso ni uleule kwa wazazi na kwa mtu wa mwisho. Basi ya nini kuihangaisha TTL ijipimie upya kila mara mbele ya gauni jeupe? Ya nini kubeba flashi kichwani mwa kamera ikiwa watu ndio wanaonijia?

Tangu hapo wakati wa chakula nasimamisha stendi mbili, kila moja na mwavuli, mita mbili na nusu hivi kutoka pale maharusi watakapokaa, juu kidogo ya urefu wa mtu, pembeni ambako hazizuii njia ya foleni wala macho ya watu wa video. Namwomba msaidizi akae kwenye kiti cha bibi harusi, kisha asimame ukingoni ambako mtu wa mwisho wa kundi atakuwa. Napima pande zote. Naweka nguvu kwa mkono, mara nyingi moja ya nane au moja ya kumi na sita, na siigusi tena hadi MC aseme asanteni.

Ukaribu ndio unaofanya kazi hapo. Taa ikitoka mita nne kuja mita mbili, mwanga unaofika usoni unakuwa mara nne. Hakuna betri unayoweza kununua Kariakoo itakayokupa mara nne.

Na uzuri ambao sikuutarajia: kurasa zote za zawadi zinafanana. Mjomba na jirani wana weupe uleule kwenye shati, ngozi ya kila mtu ina rangi yake. Hata kusafisha picha nyumbani kumekuwa kazi ya jioni moja.

## Kuhusu lithiamu

Wenzangu wengi wataniambia, nunua flashi za betri ya lithiamu maneno yaishe. Ninazo, na ninazipenda. Betri moja ya flashi ya Godox V1 ina Wh 18.7, karibu mara mbili ya seti ya AA nne, na watengenezaji wanasema inatoa miwako 480 ya nguvu kamili, ikijaa ndani ya sekunde moja na nusu.

Wasiwasi wangu ni jinsi inavyoisha. AA zinakuonya: kujaa kunachelewa, unasikia ule mluzi mwembamba ukirefuka, unajua ubadilishe. Lithiamu inabaki na nguvu ileile hadi mwisho, halafu inakata. Mwenye betri moja tu ya lithiamu atakatiwa katikati ya foleni bila onyo zaidi ya alama ndogo kwenye kioo ambayo hana muda wa kuitazama. Ukinunua flashi hiyo, nunua na betri ya pili siku hiyo hiyo. Na ile yenye kuvimba, hata kama bado inachaji, itoe kazini. Kuna watoto wanakimbia chini ya stendi zako.

Ukisafiri kwa ndege kwenda kupiga Mwanza au Bukoba, betri hizo za akiba zipande nawe ndani, zikiwa zimefunikwa vichwa. Chini ya Wh 100 kwa betri hakuna kibali cha kuomba. Kuziweka kwenye begi la mizigo ni kosa la usalama, na utaitwa kwenye spika.

## Seti ni ndoa ya betri nne

Kwa wanaotumia AA, ambao ndio wengi, jambo linaloua kazi ni kuchanganya. Betri nne kwenye flashi zinafanya kazi kwa mnyororo, na moja ikiwa dhaifu zote zinasimama kwa ajili yake. Mbaya zaidi, ile dhaifu ikishaisha, zile tatu zinaisukuma umeme kinyume na kuiharibu moja kwa moja. Kwa hiyo zangu nimeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika: A1 hadi A4, B1 hadi B4, na kuendelea. A haikutani na B kamwe. Zinanunuliwa pamoja, zinatumika pamoja, zinachajiwa pamoja, na moja ikizeeka, tatu zilizobaki zinahamia kwenye rimoti na saa za ukutani.

Chaja nayo iwe ya kuchaji kila betri kivyake. Zile za bei rahisi zinazochaji mbili mbili ndizo zinazozalisha betri dhaifu bila wewe kujua, kwa sababu moja inajaa na kupikwa wakati mwenzake bado anakula.

Usikimbilie namba kubwa kwenye ganda. Zile zinazojitangaza mAh 3000 na zaidi kwa bei ya soda mbili, ziache dukani. Hata kati ya betri halisi, zile za mAh 2500 zinavumilia kuchajiwa mara chache zaidi kuliko zile za 2000. Mimi niko na za 2000 na seti moja zaidi mfukoni. Tena ni za aina inayotunza chaji. Tangu Sanyo walipotoa Eneloop mwaka 2005, hakuna sababu ya kupangia usiku wa Ijumaa kuwa ndio wakati pekee wa kuchaji. Nachaji Jumatano. Umeme ukikatika Ijumaa, mimi nimelala.

Betri za alkali za dukani zinaokoa siku, lakini kwenye flashi zinachoka upesi. Zina volti 1.5 kwenye karatasi, ila flashi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na ndani ya alkali kuna ukinzani mkubwa. Baada ya miwako michache ya nguvu unaanza kuhesabu sekunde.

Na joto. Begi la betri lililoachwa kwenye buti ya gari kanisani, saa nane mchana, Dar, linazeesha betri za aina zote. Langu linashuka nami.

## Taa inayomtii kila mtu

Kuna wizi mmoja wa betri ambao watu hawauoni. Harusi ya siku hizi ina wapiga picha wengi: wa maharusi, wa upande wa bibi harusi, wa mdhamini, na shangazi kutoka nje ya nchi na kamera yake nzuri. Ukiiweka flashi ya stendi kwenye hali ya kuwaka inapoona flashi nyingine, inamtii kila mmoja wao. Wewe umepiga mara 50, yenyewe imewaka mara 300. Inapofika zamu ya majirani, imechoka kwa kazi za watu.

Kuiwasha flashi kwa mawimbi ya redio kunaponya hilo, mradi usibaki kwenye chaneli ya 1 ambayo kila mtu ametoka nayo dukani. Triga za Godox, yaani vile vifaa vya juu ya kamera vinavyoiamuru flashi iwake, zina chaneli 32, na za karibuni zina namba ya utambulisho juu yake. Kabla ya misa ninaenda kusalimiana na wenzangu wote walioko na kamera, tunagawana chaneli hapo hapo. Ni dakika mbili, na mara nyingi ndipo tunapokubaliana pia nani asimame wapi wakati wa pete.

## Nani kaulipia mwanga

Nilimsimulia rafiki yangu wa kazi habari ya albamu ile. Ni mtu ninayemheshimu, kanitangulia kwenye fani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ndugu yangu, mteja ni bwana na bibi harusi. Picha za majirani nani ataziangalia? Betri zikibana, unawatunzia maharusi. Hiyo ni busara ya kazi."

Nilikosa jibu siku ile. Hoja yake ina uzito. Ukiwa umebaki mwako mmoja tu, hakuna mpiga picha atakayelala na amani akiwa ameutumia kwa jirani na kumkosa mama mzazi akilia.

Jibu lilinijia nikiwa kwenye kikao cha kamati ya harusi nyingine, nimeitwa kujadili bei. Mwekahazina alikuwa anasoma orodha ya michango. Anasoma jina, ahadi, kilichotolewa, kilichobaki. Katikati ya majina makubwa akasoma mama fulani, jirani, ahadi elfu ishirini, ametoa kumi, amesema kumi italetwa mwisho wa mwezi akiuza kuku. Mwenyekiti akasema ameshukuru sana, aandikiwe kadi ya watu wawili.

Pesa yangu ilikuwa inatoka kwenye orodha ile.

Harusi zetu hazilipwi na watu wawili. Zinalipwa na orodha, na mpiga picha analipwa na orodha hiyo hiyo. Mama wa kuku ananilipa mimi. Amevaa kitenge alichoshonea shughuli hii, amesimama foleni saa nzima na bahasha mkononi, na picha ile ndiyo stakabadhi pekee atakayopewa. Pengine ndiyo picha pekee aliyopigwa mwaka huo na mtu mwenye kamera ya kweli. Kumwambia taa za ukumbi zilikuwa mbaya si haki, na ni kumnyima alicholipia.

Rafiki yangu nilimpelekea ujumbe mrefu wa sauti usiku ule. Amejibu kwamba bado ananiona nimezidisha, ila ameniuliza miavuli yangu nilinunua duka gani.

## Kwa wanakamati

Mkikaa na mpiga picha wenu, kuna mambo mawili yako mikononi mwenu. Mpeni soketi moja karibu na meza kuu iliyo yake peke yake. Dijei, mpambaji na watu wa video huwa wamezimaliza zote kabla hajafika, na chaja yake inaishia jikoni nyuma ya masufuria. Na mwambieni MC kwamba foleni ikifika katikati asimame kidogo, atangaze jambo, apige wimbo mmoja. Dakika tatu zinatosha kubadilisha betri za taa zote mbili. MC mzuri anaweza kuzijaza dakika tatu bila mtu kugundua kitu.

Na mnapochagua nani awapigie, msiishie kwenye picha zake za Instagram. Hizo ni kumi bora za mwaka, zimepigwa saa kumi na moja jioni ufukweni jua likisaidia. Mwombeni awafungulie harusi moja nzima kwenye kompyuta, aende moja kwa moja kwenye zawadi, kisha aanzie picha ya mwisho kabisa kurudi nyuma hadi kwa wazazi. Msimwache aruke hata moja.